Wenye viwanda vya asbesto walijua: someni mihtasari yao

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu asbesto ilinipendeza mpaka nilipofika mahali mwandishi alipowaonea huruma wenye viwanda wa Marekani, akasema kwamba enzi zile hakuna aliyejua. Sikubaliani naye. Mimi si daktari wala mwanaharakati. Nilikuwa karani wa vikao. Kwa miaka mingi nilikaa pembeni mwa meza ya chama cha wenye viwanda, chama ambacho sina haja ya kukitaja na ambacho hakikuhusika na asbesto hata kidogo, nikiandika yaliyosemwa. Au niseme wazi zaidi, nikiandika yale yaliyokubalika kuandikwa. Mtu akishaifanya kazi hiyo husoma mihtasari ya wengine kama fundi cherehani anavyotazama shati la mwenzake: macho yanakimbilia kwenye mishono.

Basi nilipostaafu nikaanza kusoma nyaraka za chama cha wenye viwanda vya nguo za asbesto vya Marekani, kilichoitwa Asbestos Textile Institute. Zilitolewa hadharani kwa sababu ya kesi za Marekani, na leo yeyote mwenye subira anaweza kuzisoma. Sikuzisoma kutafuta mashetani. Nilitaka kujua wenzangu wa kazi waliandikaje.

Chama hicho kiliundwa mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Miongoni mwa wanachama wake zilikuwamo kampuni za Raybestos-Manhattan, Johns-Manville na Keasbey & Mattison. Msomaji wa leo akisikia asbesto hufikiria paa na mabomba, lakini madini hayo yalisokotwa na kufumwa kama pamba. Nyuzi ndefu, nyingi zikitoka migodi ya Quebec, Canada, zilimiminwa kutoka kwenye magunia, zikachanganywa na pamba kidogo ili zishikane, zikapitishwa kwenye mashine ya kuchambulia yenye maelfu ya meno ya waya, kisha zikasokotwa na kufumwa. Ndipo zikapatikana kamba za kuzibia mitambo ya mvuke, glavu za watu wa tanuri, mapazia ya kuzuia moto kwenye majumba ya maonyesho, na vitambaa vya breki na klachi. Karibu kazi yote hiyo ilifanywa nyuzi zikiwa kavu. Kwenye kiwanda cha saruji ya asbesto nyuzi hulowekwa na kufungwa ndani ya tope; kwenye kiwanda cha nguo zinachanwa hewani, tena na tena, na aliyesimama karibu na mashine ndiye anayezivuta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu madhara ya asbesto ilianzia kwa wasokotaji na wafumaji. Nellie Kershaw, aliyefariki mwaka 1924 na ambaye ugonjwa wake ulielezwa na daktari William Cooke, alikuwa mfanyakazi wa kusokota nyuzi za asbesto huko Rochdale, Uingereza. Mwaka 1930 wakaguzi wa serikali ya Uingereza, Merewether na Price, walitoa ripoti yao juu ya viwanda vya nguo za asbesto, na sheria ya kudhibiti vumbi ikapitishwa mwaka uliofuata. Yote hayo yalitokea zaidi ya miaka kumi kabla chama cha Marekani hakijafanya kikao chake cha kwanza.

Kabla sijaendelea, nieleze chama cha namna hii kinavyofanya kazi, maana wengi hudhani ni klabu ya kulia chakula cha mchana. Wanachama ni washindani. Kila mmoja angefurahi mwenzake afilisike. Wanachokubaliana ni mambo machache: viwango vya bidhaa, ushuru, bima, sheria zinazokuja, na sifa ya bidhaa yao kwa umma. Marekani, tangu Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, ni kosa washindani kupanga bei kwa siri, kwa hiyo vyama vya wenye viwanda huandika mihtasari vikimfikiria wakili atakayeisoma siku moja. Kazi ya maana hufanyika kwenye kamati ndogo. Kamati inapendekeza, kikao kikuu kinapokea, na jambo likishindwa kwenye kamati huwa limekufa bila kilio.

Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Mjumbe anaanza kusema jambo zito, sauti imepanda, uso umeiva. Mwenyekiti wetu hakuwa mtu wa kukemea. Aliweka kiganja mezani, taratibu, akanitazama. Nikajua kalamu ipumzike. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Alipoinua kiganja nikaandika: baada ya majadiliano ya kina, kamati iliazimia kuendelea kulifuatilia suala hili. Maneno hayo nimeyaandika mara nyingi mno, na sijawahi kuona suala lililofuatiliwa baada ya kuandikwa hivyo. Kwa hiyo nikikutana na muhtasari uliosema zaidi ya hapo, muhtasari ulioacha sababu halisi ya uamuzi ikaonekana, nakaa wima kwenye kiti.

Na mihtasari ya watu wa asbesto inayo mahali pa namna hiyo.

Tuanze na jambo la kuwasifu. Mwaka 1947 chama kilipata ripoti kutoka taasisi ya Pittsburgh iliyoitwa Industrial Hygiene Foundation, taasisi iliyotegemea fedha za viwanda vyenyewe. Mhandisi wake, W. C. L. Hemeon, alipima vumbi kwenye viwanda vya wanachama. Hawakulazimishwa na serikali. Walimwita wenyewe, na kamati yao ya usafi wa hewa ilikuwa na nia ya kujua mashine gani inatoa vumbi kiasi gani. Mwandishi wenu angelitaja hili ningempigia makofi.

Tatizo ni alichokikuta. Wakati huo Marekani ilikuwa ikitumia kipimo cha chembe milioni 5 za vumbi kwa kila futi moja ya ujazo ya hewa. Chini ya hapo mfanyakazi alihesabiwa kuwa salama. Kipimo hicho kilitokana na uchunguzi wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani uliochapishwa mwaka 1938, uliofanywa kwenye viwanda vinne vya nguo za asbesto huko North Carolina. Walipimwa watu zaidi ya 500. Lakini kabla wapimaji hawajafika, wafanyakazi wapatao 150 walikuwa wameachishwa kazi, na wengi wa waliobaki hawakuwa na miaka mingi kazini. Wenye kuandika ripoti ile walikiita kipimo hicho cha muda. Baadaye watu wakasahau sehemu ya muda. Tena kifaa kilichotumika kilihesabu chembe zote kwa jumla, asbesto na pamba na uchafu mwingine, bila kutenganisha uzi na vumbi la kawaida. Ofisini kwetu mtu angeleta hesabu za namna hiyo, mweka hazina angemrudishia bila kuzisoma.

Hemeon aliona udhaifu huo. Aliwaeleza wanachama kwamba taarifa zilizopo haziwezi kumhakikishia mtu kuwa milioni 5 ni kiwango salama, na kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Alitaja viwanda ambamo karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano alionyesha dalili za asbestosi, yaani makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi hilo, ingawa vumbi mahali pao kwa sehemu kubwa halikuzidi kipimo. Ripoti hiyo haikuchapishwa. Ilipokelewa, ikahifadhiwa, na viwanda vikaendelea kukitegemea kipimo kilekile kama ngao. Aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kuchambulia huko Manheim, Pennsylvania, au North Charleston, South Carolina, hakuisoma. Daktari wake pia hakuisoma.

Sasa mwaka 1957. Huu ndio muhtasari ambao ningependa kila mwandishi wa habari za biashara ausome mara moja maishani. Taasisi ileile ya Pittsburgh ilipendekeza kufanya utafiti wa saratani ya mapafu miongoni mwa wafanyakazi wa asbesto. Kamati ya usafi wa hewa ya chama ikalijadili pendekezo hilo mwezi Machi na kulikataa. Sababu zikaandikwa. Moja ilikuwa kwamba chama cha wachimbaji wa asbesto wa Quebec tayari kilikuwa kinafanya utafiti wake. Nyingine ilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa saratani au asbestosi katika sekta hii wa kufanya uchunguzi huo ustahili. Na nyingine, ambayo sijui karani yule aliiandikaje bila mkono kutetemeka, ilikuwa kwamba baadhi ya wanachama wanahisi uchunguzi kama huo utachokoza mzinga wa manyigu na kuitia sekta nzima mashakani.

Ndugu Mhariri, ninawaomba mzitazame sababu hizo pamoja, maana hazipatani. Kama hakuna ushahidi, uchunguzi ungewasafisha. Wangeutangaza kwa tarumbeta. Mtu anayeamini kwamba nyumba yake haina manyigu hana sababu ya kuogopa fimbo. Aliyeogopa alikuwa amekwisha kusikia mvumo.

Na tuone walikuwa wamesikia nini. Mwaka 1955 Richard Doll, mtafiti Mwingereza, alichapisha uchunguzi wa wanaume 113 waliofanya kazi kwa miaka 20 au zaidi mahali penye vumbi kwenye kiwanda cha nguo za asbesto huko Rochdale. Kwa viwango vya kawaida vya vifo, asingetarajiwa kufa kwa saratani ya mapafu hata mtu mmoja mzima kati yao. Hesabu ilikuwa 0.8. Walikufa 11. Uchunguzi huo ulitoka kwenye jarida la kitabibu ambalo maktaba yoyote ya chuo cha udaktari ingeweza kulipata. Kiwanda kile kilikuwa cha kampuni ya Turner & Newall, na Turner & Newall ndiyo iliyokuwa ikiimiliki Keasbey & Mattison ya Pennsylvania tangu mwaka 1934. Kwa maneno mengine, mmoja wa waliokuwa ndani ya chama kilichosema hakuna ushahidi alikuwa mtoto wa kampuni ambayo wafanyakazi wake ndio waliokuwa ushahidi wenyewe. Habari ya bei ya gunia la nyuzi ilivuka bahari ile kwa siku moja. Habari ya vifo 11 nayo haikuhitaji meli nyingine.

Hiyo sababu ya Quebec nayo ina kasoro ambayo ilikuja kuonekana baadaye. Utafiti wa wachimbaji ulichapishwa mwaka 1958, na ulisema kwamba uchimbaji wa asbesto peke yake haukuwaongezea watu saratani ya mapafu kwa kiasi cha kutia shaka. Lakini mchimbaji si mfumaji. Tafiti za miaka ya baadaye zilizofuata wafanyakazi wa kiwanda cha nguo huko Charleston zilionyesha kwamba, kwa kiasi kilekile cha vumbi, saratani ya mapafu iliongezeka kwao kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko kwa wachimbaji wa Quebec, ingawa wote walivuta asbesto ya aina ileile nyeupe. Wataalamu bado wanajadiliana kwa nini. Urefu na wembamba wa nyuzi baada ya kuchambuliwa unatajwa sana. Kwa hiyo kundi ambalo utafiti wake ulikataliwa kwa kisingizio kwamba Quebec wanatosha ndilo lililokuwa kwenye hatari kubwa zaidi.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba baadhi ya wanachama si chama kizima. Ni kweli, na hapa ndipo ujuzi wangu mdogo una faida. Chama cha washindani hakiendi kwa mwendo wa mwanachama jasiri. Mwanachama mmoja mkubwa akisema jambo hili litatuharibia, nani atabisha? Wadogo wanamtegemea kwa malighafi au kwa ada anayolipa. Wenye nia njema hunyamaza wakijua kikao kijacho watahitaji kura yake kwenye suala la ushuru. Mwisho muhtasari unaandika hisia za wanachama fulani, bila jina, na hisia hizo zinakuwa uamuzi wa wote. Hakuna aliyesema hapana, na bado hapana imepita. Nimeliona hilo likitokea kwenye mambo madogo kama rangi ya lebo. Kwenye mambo ya mapafu ya watu mtindo ni uleule, tofauti ni gharama tu.

Tena woga huo ulikuwa na historia. Mwaka 1935 Sumner Simpson, rais wa Raybestos-Manhattan, aliandikiana barua na Vandiver Brown, wakili wa Johns-Manville. Jarida la biashara ya asbesto lilikuwa limeomba ruhusa ya kuandika habari za asbestosi, mhariri wake akikumbusha kwa adabu kwamba siku zote alikuwa ameombwa asichapishe chochote na alikuwa ametii. Simpson akamwandikia Brown kwamba kadiri asbesto inavyosemwa kidogo ndivyo tutakavyokuwa salama zaidi. Brown akakubali: maslahi yetu yatalindwa vizuri zaidi asbestosi ikitangazwa kidogo iwezekanavyo. Barua hizo zilikaa gizani mpaka zilipoibuka kwenye mashauri ya mahakamani mwaka 1977. Nawaandikia mhariri wa gazeti, kwa hiyo sina haja ya kueleza ninavyomfikiria mhariri aliyeomba ruhusa kwa watu anaowaandika. Ila nitamtetea kidogo: walau aliuliza, na aliuliza kwa maandishi.

Kulikuwa na mlango mwingine, na ulifunguliwa na watu wasio na fedha. Mapema miaka ya 1960 daktari Irving Selikoff wa New York alitaka kujua wanakufaje mafundi wa kufunika mabomba na matanuri kwa asbesto. Hakwenda kwa wenye viwanda. Alikwenda kwenye chama cha wafanyakazi, matawi ya New York na New Jersey, na matawi hayo yakampa madaftari yao ya wanachama. Hebu fikiria daftari hilo kwa macho ya karani: jina, tarehe ya kujiunga, michango iliyolipwa, na siku ambapo michango inakatika kwa sababu mwenye jina amefariki. Madaftari ambayo makatibu wa matawi waliyaandika ili wajue nani anadaiwa ndiyo yaliyojibu swali ambalo kamati ya mwaka 1957 ilikataa kuuliza. Mwaka 1964 Selikoff na wenzake walichapisha habari za wanaume 632: kwa viwango vya kawaida wangetarajiwa kufa watu 6.6 kwa saratani ya mapafu na utando wake, na waliokufa walikuwa 45. Nawapa heko makarani wale. Hakuna anayewakumbuka.

Oktoba ya mwaka huo ukafanyika mkutano wa kimataifa mjini New York kuhusu madhara ya asbesto. Chama cha wenye viwanda vya nguo za asbesto kilijibu kwa njia ya mawakili, wakamwandikia Selikoff kumtahadharisha juu ya namna matokeo hayo yanavyojadiliwa hadharani, yasije yakazaa habari za magazetini za kudhuru na kupotosha. Hawakuleta hesabu zao za vifo. Wangezileta wapi, wakati miaka saba nyuma walikataa kuzikusanya?

Nitapita haraka kwenye miaka iliyofuata kwa kuwa inajulikana zaidi. Mwaka 1973, kwenye kesi ya fundi aliyeitwa Clarence Borel, mahakama ya rufani ya Marekani ilisema kwamba mtengenezaji wa bidhaa anahesabiwa kuwa na ujuzi wa mtaalamu, tena ana wajibu wa kuipima bidhaa yake mwenyewe. Asiyepima hana ruhusa ya kujitetea kwamba hakujua. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Matthew Swetonic, katibu mtendaji wa chama kingine kilichokuwa kimeundwa ili kuisemea asbesto kwa umma, aliwahutubia wanachama wa chama hicho cha wenye viwanda vya nguo. Aliwaeleza habari mbaya bila kuficha. Halafu akawapa iliyo njema: pamoja na makala zote mbaya zilizotoka magazetini kwa miaka kadhaa, watu wachache sana walikuwa wakizitilia maanani. Tarehe 26 Agosti 1982 Johns-Manville iliomba ulinzi wa kufilisika ikikabiliwa na madai yapatayo 16,500. Marekani ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwezi Machi 2024.

Haki inanitaka niseme kwamba si kila hakimu na baraza la wazee wa mahakama waliokubali kuwa mihtasari hii inathibitisha njama. Kwenye baadhi ya kesi mawakili wa kampuni walieleza kwamba kukataa kutoa fedha kwa utafiti mmoja si kuficha ukweli, na kwamba chama cha biashara hakina wajibu wa kufanya kazi ya serikali. Sheria ya njama niwaachie wanasheria. Mimi nazungumzia neno kujua. Watu waliopewa ripoti ya Hemeon, waliokuwa na ndugu Rochdale, na walioandika kwa mkono wao kwamba wanaogopa uchunguzi utaibua nini, hawawezi kuwekwa kwenye kundi la wasiojua. Naomba gazeti lisahihishe jambo hilo.

Kuna la pili, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya kunung'unika peke yangu. Kwenye ukurasa wenu wa maoni msomaji mmoja amependekeza kwamba uchunguzi wa hatari za bidhaa mpya uachiwe vyama vya watengenezaji wenyewe, kwa kuwa wana fedha, wana maabara na wanaijua kazi. Yote matatu ni kweli. Fedha zao zichukuliwe, tena nyingi. Lakini msomaji huyo aangalie yaliyotokea kwenye maabara ya Saranac, jimbo la New York, kabla hajawakabidhi na ufunguo.

Mwaka 1936 Johns-Manville, Raybestos-Manhattan na kampuni nyingine zilikubali kumlipa daktari LeRoy Gardner wa Saranac achunguze vumbi la asbesto kwa wanyama. Sharti lao liliandikwa kwenye barua: matokeo yatakuwa mali ya waliotoa fedha, na wao ndio watakaoamua kama yatangazwe, kwa kiasi gani na kwa namna gani. Gardner akakubali, maabara zinahitaji kula. Mwaka 1943 aliwaandikia wafadhili kwamba kwenye kundi moja la panya 11 waliovutishwa vumbi hilo, 9 walikuwa na uvimbe kwenye mapafu. Yeye mwenyewe alionya kwamba huenda panya wa ukoo ule wana asili ya kupata uvimbe, na akataka jaribio lirudiwe kwa utaratibu bora zaidi. Huyo ni mtafiti mwaminifu akifanya kazi yake. Alifariki mwaka 1946 kabla jaribio halijarudiwa. Mwaka 1948 wawakilishi wa wafadhili walikutana na kukubaliana kwamba habari za saratani na uvimbe ziondolewe kwenye ripoti, na ilipochapishwa mwaka 1951 hazikuwamo. Hakuna aliyevunja mkataba. Mkataba ulitekelezwa neno kwa neno.

Kwa hiyo ombi langu kwa msomaji yule, na kwa yeyote atakayekaa kuandika makubaliano ya namna hiyo, ni la kikarani tu. Swali la utafiti liandikwe na mtu asiye mwanachama. Tarehe ya kuchapisha iwekwe ndani ya mkataba kabla fedha ya kwanza haijatoka, matokeo yawe mazuri au mabaya. Nakala ya ripoti iende kwa mkaguzi wa kazi na kwa chama cha wafanyakazi siku ileile inapokwenda kwa mwenyekiti. Na mjumbe akisema anahisi utafiti fulani utaitia sekta mashakani, karani aandike jina lake kamili na kampuni yake, kisha amsomee kabla kikao hakijafungwa.

Wenu,

Karani mstaafu wa vikao